Siku moja kazini: kumpima potwe wa Mafia bila kumgusa

Saa 11 alfajiri

Kinachoangaliwa kwanza ni upepo. Mbele ya Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia, potwe, papa mkubwa mwenye madoa aitwaye pia papa nyangumi, huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Februari, na sehemu kubwa ya kipindi hicho ni ya upepo wa kaskazi. Bahari ikiwa shwari pezi la mgongoni linaonekana kwa mbali. Upepo ukishavuruga uso wa maji, papa wa mita sita anaweza kupita karibu na boti asionwe na mtu. Kwa hiyo tunapanga kazi ya majini iishe kabla ya saa sita.

Leza zinapimwa bado tukiwa nchi kavu. Ni mbili, zimefungwa kwenye fimbo ya alumini kwa umbali wa sentimita 50, kamera ikiwa katikati; vidoa vyake vikiangukia mwilini mwa papa vinakuwa rula ndani ya picha. Tunazimulika ukutani kutoka mita tatu, halafu kutoka mita sita, na vidoa viwili vya kijani lazima vibaki sentimita 50 mara zote mbili. Vikisomeka 52, potwe wa mita sita atatoka kwenye hesabu akiwa pungufu kwa zaidi ya sentimita 20, na programu ya kompyuta haitakutahadharisha. Ukuaji wa mwaka mzima wa potwe kijana unaweza kumezwa na kosa la namna hiyo. Kugonga fimbo kwenye ukingo wa boti kunatosha kuziharibu, ndiyo maana hazipimwi mara moja kwa wiki bali kila siku.

Saa 1 asubuhi

GPS inawashwa tangu nanga inapong'olewa, si pale papa anapoonekana. Saa za kutafuta bila kuona kitu nazo ni data.

Wavuvi wa dagaa wanaorudi kutoka kuvua usiku ndio wa kwanza kuulizwa.

"Shikamoo mzee. Wapo?"

"Marahaba. Wapo, lakini wamezama. Ngojeni uduvi upande."

Jibu hilo lina uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa potwe wa Mafia hufuata makundi mazito ya uduvi, wale kamba wadogo wa kuelea. Pasipo uduvi juu, hakuna sababu ya potwe kupanda.

Saa 2

Nahodha anapita mbele ya papa, mbali kidogo na njia yake, anazima mashine, na wapiga mbizi wanateremka taratibu bila kurusha maji. Umbali ni mita tatu kutoka ubavuni, nne kutoka mkiani. Mkia ndio wa kuchunga.

Picha ya kwanza ni ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, juu ya pezi la kifuani. Madoa ya hapo hayafanani kati ya potwe mmoja na mwingine. Kushoto ni makubaliano tu ya watafiti: ukiwa na picha ya kulia peke yake, huwezi kujua kama ni yule aliyepigwa kushoto mwezi uliopita. Piga ukiwa sambamba naye. Ukipiga kutoka nyuma au juu, madoa yanabanana na kompyuta inashindwa kuyalinganisha.

Kisha leza. Urefu wote wa potwe ni vigumu kuupata kwenye picha moja, kwani maji ya pwani ya Mafia, yakitazamana na delta ya Rufiji, mara nyingi yana ukungu. Tunapima kutoka ufa wa tano wa matamvua hadi mwanzo wa pezi la kwanza la mgongoni, halafu urefu mzima unakokotolewa kutokana na kipande hicho. Vidoa viwili vinaangukia katikati yake, na mwili uwe umenyooka. Akiwa amejipinda kugeuka, picha hiyo tupa.

Mwisho unazama kidogo kuangalia tumbo karibu na mapezi ya nyuma. Dume ana viungo viwili vya kupandishia: vifupi na laini ni kijana, virefu na vyenye mikwaruzo ni mpevu. Mafia wengi ni madume vijana. Makovu ya kamba, nyavu au pangaboi yanapigwa picha hapohapo na kuandikwa kwenye ubao.

Saa 4

Wavu wa planktoni, yaani vijiumbe vinavyoelea majini, wenye matundu ya maikroni 200 (milimita 0.2) na mdomo wa sentimita 50 unakokotwa polepole pale papa anapokula, na mwingine kama huo pale asipokuwepo. Huo wa pili wengi wanauruka, na bila huo wa pili, wa kwanza hausemi kitu. Mdomo una eneo la mita za mraba 0.196, kwa hiyo kila mita 100 ni kama mita za ujazo 19.6 za maji. Hesabu hiyo inafaa tu kama maji yamepita. Viwavi wa bahari wakiziba matundu, maji yanasukumwa pembeni na wewe unahesabu ujazo ambao haukuchujwa. Namba ya kipima mkondo, kinachoonyesha maji yaliyopita wavuni, iandikwe kabla na baada.

Maji ya kutafutia DNA, yaani chembe za urithi anazoacha potwe majini, yanachotwa kabla ya wavu kuguswa, kwa glavu mpya, upande wa boti unaokabili mkondo. Mwaka 2016 watafiti waliochota maji katika eneo la mafuta la Al Shaheen, Qatar, walionyesha kwamba chembe za urithi zilizoachwa majini zinaweza kueleza hali ya kundi zima la potwe, wakalinganisha na vipande vya nyama vya papa wenyewe. Ila boti iliyobeba samaki jana ina DNA ya samaki kila kona. Vyombo vinaoshwa kwa klorini, vinasuuzwa vizuri, na chupa moja ya maji safi inafunguliwa na kufungwa hapohapo baharini. DNA ya potwe ikitokea kwenye chupa hiyo, sampuli zote za siku zinatiliwa shaka.

Saa 5

Kipokea sauti kinapandishwa. Kinasikiliza mlio wa kilohezi 69 wa vitambulisho vilivyochomekwa kwa baadhi ya potwe chini ya pezi la mgongoni. Kimefunikwa chaza, tunakizungushia utepe kabla ya kukizamisha ili uchafu utoke pamoja na utepe. Betri inabadilishwa, saa yake inalinganishwa na ya GPS, kinarudi chini kikitazama juu.

Vyombo hivi ndivyo vilivyovunja imani ya zamani. Ilidhaniwa msimu ukiisha potwe wanahama. Matokeo ya 2015 yalionyesha wengi wanabaki karibu na Mafia mwaka mzima, ila wanasogea mbali kidogo na pwani na kwenda chini zaidi. Macho yalikuwa yanapima tabia ya papa kupanda juu, tukaiita uwepo wake.

Saa 7 mchana

Kuchuja maji hakusubiri chakula. Kadiri yanavyokaa kwenye joto ndivyo DNA inavyooza. Kichujio cha maikroni 0.45 huziba haraka kwa tope la Rufiji. Kikiziba, weka kingine na uandike mililita zilizopita, usilazimishe pampu, kitachanika.

Saa 10 jioni

Kwenye picha, alama tatu zinawekwa: juu ya ufa wa tano, chini yake, na sehemu ya ubavu iliyo sawa na ncha ya nyuma ya pezi la kifuani. Halafu madoa. Mbinu ya kuyalinganisha ilitoka kwa wanaanga wanaotambua nyota pichani, ikarekebishwa kwa potwe mwaka 2005. Programu inatoa orodha ya wanaofanana; uamuzi ni wa watu wawili, kila mmoja peke yake. Wasipokubaliana, picha inabaki bila jina.

Saa 2 usiku

Nakala mbili za kila kitu, kwenye diski tofauti, nyumba tofauti. Saa za GPS na za kamera zilinganishwe leo, kwa sababu kesho hakuna atakayekumbuka kamera ilikuwa mbele kwa dakika ngapi. Na kama hatukuona hata mmoja, fomu inajazwa vilevile: saa za kutafuta, njia iliyopitwa, hali ya bahari, idadi 0.