Kuifuata nguzo nyekundu ya Benville

Nilipotea kabla sijaiona hata nguzo moja ya kuonyesha njia iliyo kamili.

Nilishuka treni Maiden Newton, kituo kidogo mbele ya Dorchester, kusini magharibi mwa Uingereza, nikachomeka suruali kwenye soksi nikaanza kukanyaga pedeli kuelekea kaskazini. Safari yenyewe ilikuwa ya kufika Benville Bridge, kwenye nguzo nyekundu ya njia panda. Ramani ilikuwa kwenye simu, na mtandao ukakata hata sijafika Cattistock. Barabara za Dorset ya magharibi ni vichochoro vilivyozama katikati ya kuta za vichaka. Unachokiona ni mbingu juu na mavi ya ng'ombe chini. Kwenye njia panda ya tatu nikakuta nguzo ina vidole viwili, na pa kidole cha tatu pamebaki tundu la bolti. Nikabahatisha. Maili mbili baadaye nikafika kwenye geti la shamba, na mbwa.

Waingereza wanaziita nguzo za vidole: mlingoti, na vibao vinavyonyooshea kijiji hiki na kile. Mwaka 1921 wizara yao ya uchukuzi ilitoa waraka kwamba herufi ziwe kubwa, za kimo cha inchi mbili na nusu au tatu, juu ya rangi nyeupe, na mlingoti uwe mweupe pia. Vibao vingi vya hapa ni vya chuma cha kusubu, herufi zimetoka humo humo kwenye kalibu, zimetuna. Ukipitisha kidole unaweza kusoma umefumba macho.

Niligeuza. Pembeni ya njia panda nyingine nikamkuta mzee amevaa riflekta, kibao amekilaza juu ya meza ya kukunja, anakisugua kwa brashi ya waya. Shikamoo ilinifika mdomoni nikaimeza, nikamsalimu kwa kwao.

"Umepotea," akasema. Hakuuliza.

Anajitolea tu, kwa ruhusa ya halmashauri. Kazi ya kibao kimoja inamla siku kadhaa: kukwangua kuvu na tabaka za rangi kuukuu, kupiga praima, kisha nyeupe yote, herufi zikafunikwa nayo. Ikishakauka anachukua rola ndogo ya sponji yenye rangi nyeusi kidogo sana, anaipitisha juu juu. Inagusa yale yaliyotuna tu, na jina la kijiji linaibuka. Nilisimama nikitazama kama mtoto kwenye dirisha la picha.

Adui mkubwa, alisema, si kutu. Ni lori linalokata kona vibaya, na trekta la kupunguzia vichaka. Chuma hiki hakipindi kikigongwa. Kinakatika pwaa, na kukiunga ni kazi ya fundi hasa. Kisha kuna amri za watu. Mwaka 1940 nguzo ziling'olewa ili Wajerumani wakivamia wasijue walipo. Kanuni za alama za barabarani za 1964 nazo zikahimiza zile za zamani zibadilishwe kwa alama mpya, ingawa hazikulazimisha, na upenyo huo ndio uliozibakiza hizi. Ilipofika 2005 serikali yenyewe ikaandika mwongozo kushauri zitunzwe.

Nilimsimulia ya kwetu. Unguja mjini ipo nguzo ya marumaru ya pande nane, imeandikwa masafa ya vijiji vya kisiwani, na pamoja navyo London: maili 8,064. Ni masafa ya meli kupitia Suez. Utotoni nilidhani mtu alitembea akihesabu.

Mzee alicheka, akanipa rola. "Malizia hiyo." Ilikuwa ¾ ya maili. Nikakandamiza, rangi ikachuruzika chini ya mkia wa nne. Akaifuta kwa kitambaa bila kusema neno, akanirudishia.

"Kwenu mnaiitaje?"

"Robotatu."

"Robotatu," akasema, kisha akasema tena, akainama kuichunguza. Akanielekeza njia kwa mkono, akaniomba nikifika Benville baiskeli nisiiegemeze kwenye nguzo.

Niliifikia jua limeshalala. Nyekundu kweli, kama sanduku la posta la kwao, peke yake pembeni ya lami. Dorset ina chache tu za rangi hii. Hadithi inayopendwa ni kwamba zilikuwa alama kwa askari wasiojua kusoma, waliowaswaga wafungwa kwa miguu kwenda kupakiwa meli za Australia: ukiona nyekundu, kata hapa. Ya kule kijiji cha Anderson ina banda jirani liitwalo Botany Bay, jina la ghuba ya huko Australia, na wenyeji wanasema humo ndimo wafungwa walimolala. Mimi hadithi hizi huzisikiliza kwa sikio moja, lakini jioni ile, barabara tupu, kunguru wakirudi, sikubisha.

Baiskeli niliilaza kwenye majani. Nikapitisha kidole gumba juu ya herufi, kikiwa bado cheusi cha ile robotatu, nikakagua haraka kama sijaacha alama.