Kamera ya Kwanza ya Video kwa Mfuko Mdogo
Anayeanza kazi ya kurekodi harusi na semina kwa fedha kidogo, kwa maoni yangu, azingatie kwanza sauti kabla ya kuulizia 4K, yaani video yenye picha kali zaidi. Ndiyo maana nilichagua kamera ya video ya Canon XA11 iliyotumika badala ya kamera ya picha mnato: ina matundu mawili ya XLR, yaani plagi za sauti za kitaalamu, ya kuchomekea maikrofoni au waya kutoka kwenye mitambo ya muziki ya ukumbini, ina nafasi mbili za kadi za SD, na zumu yake ya 20x humwezesha mpigaji aliyesimama nyuma kabisa kumpata bibi harusi akilishwa keki. Kamera nyingi za picha mnato, hasa za zamani, hukata kurekodi zinapokaribia dakika 30, na padri hasubiri mtu abonyeze kitufe upya. Ni kweli kwamba XA11 huishia Full HD, kiwango cha picha kilicho chini ya 4K, na gizani picha yake huwa na chengachenga.

Kabla ya kulipia kamera iliyotumika, funika lenzi, rekodi kidogo, kisha tazama kwenye skrini kubwa kama kuna vidoadoa vyeupe visivyosogea, ambavyo ni dalili ya kasoro kwenye kamera. Bakiza fedha za betri ya pili na stendi imara.