Akalala Tena

Somo: 1 Wafalme 19:1–8

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki ya tatu baada ya upasuaji nilianza kusema uongo kanisani. Mtu akiniuliza, "Unaendeleaje, dada?" najibu upesi, "Nimepona kwa jina la Yesu," huku mkono umeshika tumbo upande wa kulia, chini ya mtandio. Niliogopa kwamba nikikiri bado naumwa nitamwaibisha Mungu aliyeniokoa.

Na kweli aliniokoa. Mimba ilitunga kwenye mrija badala ya mfuko wa uzazi, mrija ukapasuka, damu ikavujia tumboni. Ajabu ni kwamba usiku ule kilichonitesa kuliko vyote kilikuwa bega. Baadaye nilielezwa kuwa damu ikigusa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, mishipa ya fahamu hupeleka maumivu begani. (Hata wanaofanyiwa upasuaji wa matundu madogo huumwa bega siku za mwanzo, kwa ajili ya gesi inayotiwa tumboni.) Mimi nilifunguliwa tumbo, mrija ukaondolewa, na mtoto wangu akaenda nao.

Nyuzi zilipotolewa watu wakadhani yamekwisha. Nami nilidhani hivyo. Lakini ngozi huwahi kufunga; tabaka za chini yake huchukua wiki sita hivi, wakati mwingine zaidi. Nikikohoa lazima nikumbatie mto. Kuinuka kitandani lazima nigeukie ubavu kwanza, nisukume kwa mkono. Pembeni mwa kovu pana ganzi, kisha ghafla panachoma kama sindano, kwa kuwa mishipa midogo iliyokatwa inajiunga polepole. Hedhi ya kwanza iliporudi nililia, na sijui hata leo ni machozi mangapi yalikuwa ya tumbo na mangapi yalikuwa ya mtoto.

Watu wengi waliniletea habari za Hana, yule mwanamke tasa wa Biblia aliyemwomba Mungu mtoto akampata. Nawashukuru, walinipenda. Ila Hana alikuja mapema mno. Sikuwa bado naomba mtoto mwingine, nilikuwa naomba nigeuke kitandani bila kupiga kelele. Aliyenifaa ni nabii Eliya.

Eliya alikuwa ametoka kuona moto ukishuka kutoka mbinguni katika mlima Karmeli. Ushindi mkubwa, Mungu amejibu hadharani. Muda si mrefu yuko jangwani, chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, anaomba afe. Tazameni Mungu alivyoanza naye. Hakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwambia aamke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akanywa, kisha Biblia inasema neno ambalo nimelisoma miaka mingi bila kuliona: akalala tena.

Alilala tena baada ya kuguswa na malaika! Na malaika hakukasirika. Alirudi mara ya pili, akamgusa, akamlisha, akasema safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Zile siku 40 za kwenda Horebu, mlima wa Mungu, zilikuja baada ya usingizi wa mara mbili. Sisi mara nyingi tunataka mtu aguswe mara moja na aanze kutembea palepale, na asipoweza tunamtafutia dhambi.

Dada yangu unayeumwa, huna haja ya kusema uongo. Sema, "Ninaendelea kupona, bado panauma." Kumeza dawa ya maumivu kwa wakati wake si kumkosea Mungu. Usibebe ndoo ili kuonyesha ushuhuda. Na usiyavumilie kimya maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua. Homa, kidonda chekundu kinachotoa usaha, uchafu wenye harufu mbaya, damu nyingi, kizunguzungu au kuzimia: rudi hospitali siku hiyohiyo, maombi tutayafanya njiani. Kama mrija uliachwa, usikose vipimo vya damu vya homoni ya mimba mpaka iishe kabisa, kwa sababu mabaki yanaweza kuendelea kukua. Na miezi ikipita nawe bado unaumwa, mwambie daktari, maana makovu ya ndani huweza kushikanisha viungo. Mimi nilichelewa kusema kwa aibu, na sitaki uchelewe.

Nanyi akina baba, mtoto huyo alikuwa wenu pia. Nililiona hilo usoni pa mume wangu muda mrefu kabla hajapata maneno.

Jumapili ya tano nilishindwa kusimama wakati wa sifa. Niliketi, nikainama, na mama mmoja wa maombi akaliona. Nilitarajia ataniwekea mikono kichwani. Kesho yake alikuja nyumbani asubuhi, hakuhubiri. Alinipashia maji ya kuoga, akanishika kiwiko mpaka bafuni, akaniwekea chakula karibu na kitanda, mahali mkono wangu unapofika bila kujinyoosha. Nilipoanza kuomba radhi kwa vyombo vilivyojaa jikoni, alisema, "Kula, mwanangu, halafu ulale."

Nikala. Nikasikia maji yakimwagika jikoni, na sauti yake ikiimba chini chini. Nikalala tena.