Nilivyotafuta Damu ya Mama Mdogo kwa Vijana wa Boda

Mama mdogo alipolazwa hapa Kisumu akingoja kutolewa uvimbe kwenye kizazi, tuliambiwa tulete watu watatu wa kutoa damu. Mjomba akafika mbio kutoka Ahero na amri yake: damu ya ndugu ni safi, atoe yeye, dada yake atundikiwe hapo hapo, haya ya kupimapima ni kupoteza saa. Ukoo mzima ukaitikia.

Muuguzi hakubishana naye. Alimweleza kwamba kila mfuko, hata uwe wa pacha wako, hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Ukipatikana na kasoro hutupwa. Halafu akamuuliza umri. Miaka 71. Mwisho ni 65. Mjomba akaketi.

Nikaenda steji ya Kondele, nikarudi na vijana watatu wa boda, kifua mbele. Aibu! Wa kwanza, mwembamba kama ufito, alishasikia kwamba lazima ufikishe kilo 50. Akapanda mizani na koti la mvua, mfukoni spana mbili na kufuli ya pikipiki. Kilo 52! Nikashangilia. Muuguzi akautazama mfuko uliovimba, akasema, "Kijana, weka karakana yako chini kwanza." Kilo 47. Wa pili alidungwa kidole, tone likadondoshwa kwenye maji ya buluu. Likizama, damu yako inatosha. Lake lilielea kama mafuta juu ya mchuzi wa mbuta. Wa tatu alikuwa amechorwa tatuu mwezi uliopita, naye akarudishwa.

Tena yale maswali ya muuguzi kuhusu maisha ya mtu nilikuwa nimewauliza stejini wote pamoja. Nani atakiri ana mpenzi mpya mbele ya wenzake? Na maswali yale si udaku: virusi vikiwa vichanga mwilini, kipimo kinaweza kuvikosa.

Kesho yake nikarudi stejini na ujanja wangu, nikapata vijana wengine watano. Nilimwambia kila mmoja pembeni: ukiona hufai, ingia ndani, umnong'oneze muuguzi, kisha utoke ukisema damu yako imepungua. Hakuna atakayekuuliza. Walitaka mia tano kila mtu, nikakataa. Anayefuata pesa atadanganya. Mafuta na chai vilinila kama elfu mbili. Kati ya hao watano, wawili walitoka na "damu imepungua" wakicheka. Watatu wakatoa.

Mama mdogo alitundikiwa mifuko miwili ya watu tusiowajua, iliyokwisha kupimwa na kukaa kwenye friji. Ya vijana wangu ikaenda maabara kungoja zamu yake. Mjomba mpaka leo anasema angetoa yeye.

Wiki kadhaa baadaye mmoja wa wale watatu alinidokezea kuwa amepigiwa simu, arudi kituoni aonane na mshauri. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Nilimwekea mafuta, akanibeba, tukaongea habari za Gor Mahia hadi getini.