Pampu ya pumu ilinijaza fangasi mdomoni, chupa ya maji ikaniokoa

Niko Newala, na huku ukifika msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, mwenye pumu anajua mwenyewe. Kliniki wakanipa pampu ya kahawia ya kuvuta kila siku, mbali na ile ya bluu ya kukimbilia ukibanwa. Kifua kikatulia kabisa. Mdomo sasa! Ulimi ukaota utando mweupe kama mtindi, ukiukwangua chini pekundu panawaka, pilipili ndo usiseme.

Washauri wakajaa. Jirani ananinong'oneza nikapime ngoma, wakati nilishapima na niko salama. Shangazi akasema sugua chumvi na limau, nikasugua, machozi yakanitoka na utando uko palepale unaniangalia. Ila walionikera hasa ni wale wa "achana na hiyo dawa", yaani nibanwe kifua nife na ulimi msafi?

Daktari wa meno ndo alinielewesha. Juu ya figo kuna tezi za adrenali zinazotoa homoni ya steroidi inayoitwa kotisoli, na dawa ya kwenye pampu ya kahawia ni ndugu yake wa kiwandani. Inapoza uvimbe kwenye njia ya hewa, lakini sehemu kubwa ya dozi inagandia mdomoni na kooni, kinga ya hapo inashuka, na fangasi wa kandida ambao wengi tunao siku zote wanashangilia. Fizi zangu nyeusi akasema ni rangi yangu tu, ila mabaka meusi mapya mdomoni pamoja na kukonda na kuchoka yanaweza kuwa ni tezi zenyewe zimeshindwa kazi, ugonjwa alioueleza Thomas Addison wa London mwaka 1855, na TB inaweza kuuleta. Akanipa matone ya nistatini, unayakalisha mdomoni kwanza ndo unameza.

Halafu akaniuliza kama natumia spesa, yaani kile kichupa kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Ya dukani sikuipata, akanielekeza ya chupa, na hapa naomba mnipigie makofi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, chemsha waya kwenye mkaa, toboa kitako tundu la umbo la mdomo wa pampu. Yangu ya kwanza tundu likawa kubwa mpaka pampu ikadumbukia ndani, watoto wakacheka wee. Ya pili imebana, nikazungushia selotepu. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe, usiifute na kitambaa, maana ukiifuta plastiki inavutia dawa kwenye kuta. Tikisa pampu, weka mdomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, vuta taratibu. Dawa nzito inabaki kwenye chupa badala ya ulimi wako.

Ukimaliza sukutua mpaka kooni, tema, usimeze. Gharama yote ni vijisenti vya selotepu, chupa niliokota. Na kwa wale wa vidonge vya predinisoloni (steroidi ya kumeza) vya muda mrefu, msikate ghafla kwa sababu ya mdomo, tezi zinakuwa zimelala, ongea na daktari apunguze kidogokidogo. Shangazi sasa anataka nimtengenezee chupa mjukuu wake, habari za limau hazitaji tena.