Kwa mwindaji aliyewapigania elki

Barabara ya kutoka Idaho hupanda Teton Pass, kisha huteremka kwa kasi hadi bonde la Jackson Hole, Wyoming. Januari bonde zima ni theluji. Nilifika huko kwa ajili ya mtu mmoja, Stephen Leek, mlowezi wa miaka ya 1880. Alikata majani ya mifugo, akafuga ng'ombe, na msimu wa uwindaji ukifika akawaongoza matajiri wa mijini. Kamera, husimuliwa, alipewa na George Eastman wa Kodak.

Nje ya mji wa Jackson, kwenye hifadhi ya elki, tulipanda sleji, chombo cha kuteleza juu ya theluji kinachokokotwa na farasi, kikatupeleka katikati ya elki wenyewe, wanyama wa jamii ya kulungu, dume zito lenye pembe za matawi. Wengi hawakujisumbua hata kuinuka. Tulipita karibu nao kiasi cha kuona barafu kwenye manyoya ya shingo.

Zamani walishuka kutoka milimani wakakuta bonde ni lao. Walowezi wakaligawana, wakazungushia uzio malisho ya kipupwe. Mwaka 1909 theluji ilikuwa nzito, majani hayafikiki, elki wakafa kwa njaa kando ya mashamba ya watu. Leek akawapiga picha wakiwa hai na wakiwa mizoga, kisha akazunguka miji ya mbali akizionyesha. Mwaka 1911 bunge la Marekani likatoa dola 20,000 za kuwalisha na kuwalinda elki, na mwaka 1912 hifadhi hii ikaanzishwa.

Wapo wanaomdharau kwa sababu alikuwa mwindaji. Mimi ndipo ninapomheshimu. Shamba lake lenyewe lilikuwa sehemu ya malisho yaliyochukuliwa, na elki ndio waliomlisha, lakini hakusubiri kutakata ndipo aseme.

Mwongozaji wetu alieleza kwamba kuwalisha hapa kunawasonganisha, na msongamano hueneza maradhi. Nikamuuliza kwa nini wasifunguliwe mapito yao ya kale. Akanyoosha mkono kusini: nyumba, hoteli, barabara. Nikamsimulia Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, ambako mashamba yameyabana mapito ya nyumbu na pundamilia, ila bado wanapita. Akataka kujua wanapita lini. Nikamwambia, mvua zikianza huuacha Mto Tarangire na kutawanyika. Aliuliza mengi zaidi, hadi farasi waliposimama.