Kupandisha samaki wa mapambo kutoka mita 30 bila kuwaua

Samaki aliyekamatwa mita 30 chini ya Ziwa Tanganyika, akivutwa moja kwa moja hadi kwenye mtumbwi, hufika amelala ubavu, amevimba, macho yamemtoka, pengine na tumbo la chakula limesukumwa hadi kinywani. Hata kama wavu haukumgusa vibaya, hewa iliyomo mwilini mwake mwenyewe inatosha kumfanya hivyo. Robert Boyle aliitangaza kanuni yake mwaka 1662: joto lisipobadilika, mgandamizo ukipungua kwa nusu, ujazo wa hewa unaongezeka maradufu. Joto halitutatizi hapa, maana kati ya kina hicho na juu ya ziwa tofauti ni nyuzi chache tu.

Wazamiaji wengi hukariri kwamba mgandamizo unaongezeka maradufu ukishuka mita 10. Hiyo ni hesabu ya baharini. Ziwa hapa Kigoma liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyo juu yake inalingana na safu ya maji ya mita 9.5 hivi. Kwa hiyo chukua kina, jumlisha 9.5, ndipo ugawanye. Mita 30 zinakuwa 39.5, na juu ya maji ni 9.5 tupu. Hewa ya kibofu, ule mfuko wa ndani unaomsaidia samaki kuelea, itataka kutanuka zaidi ya mara nne.

Lakini haitanuki sawasawa njia nzima, na hapo ndipo samaki wengi wanapotea bure. Kutoka mita 30 hadi 20 inaongezeka kwa theluthi tu. Kutoka mita 10 hadi juu inazidi maradufu. Ndiyo maana siafiki kabisa utaratibu wa kupandisha mita tano tano: hatua ya kwanza inaongeza asilimia 15, ya mwisho zaidi ya 50. Hatua zinatakiwa zipungue kadiri unavyokaribia juu. Kwa samaki wa mita 30, vituo vyangu, yaani vina ambapo tenga lenye samaki linasubiri kwenye kamba, ni mita 21, 14, 8.5, 4, kisha 1. Kila hatua hewa inatanuka kwa karibu asilimia 30, na ile ya kutoka mita 1 ni ndogo zaidi, jambo zuri kwa samaki aliyekwisha kuchoka.

Kwa nini usubiri kwenye kituo? Dagaa ana mrija unaotoka kwenye kibofu cha hewa, kwa hiyo anaweza kuipunguza anapopanda usiku kufuata taa. Samaki wetu wa mapambo, jamii ya sato, kibofu chao kimefungwa. Hewa lazima inyonywe na damu kidogo kidogo, na hiyo ni kazi ya saa nyingi. Mwache usiku mzima, kisha mtazame kabla ya kuvuta kamba. Akisimama mlalo bila kuhangaika, yuko tayari. Akiogelea kichwa chini huku akipiga mkia asielee, hewa bado imezidi: subiri. Akiwa amevimba, mrudishe chini mita mbili tatu bila kuchelewa. Kumtoboa kwa sindano kunatoa hewa, lakini kunaacha jeraha linaloweza kuingiza vijidudu ndani. Mimi naona ni njia ya mwisho.

Tenga liwe la plastiki, lenye mfuniko unaofunga na matundu mengi, na mawe ya kutosha chini yake. Uzito huo una sababu. Tenga jepesi husukumwa na mkondo, kamba inalala, na kina unachokisoma kwenye mafundo si cha kweli: kamba ya mita 21 iliyolala nyuzi 45 imeliweka tenga mita 15 tu, na umeruka kituo kizima bila kujua. Wakati wa kusi tatizo la pili ni mawimbi. Tenga likining'inia kwenye boya hupanda na kushuka nalo. Kwenye mita 1 mawimbi humrusharusha samaki aliyekwisha kuchoka. Kituo hicho kifanyie kwenye ghuba iliyotulia.

Mzamiaji naye asisahau kwamba mapafu yanafuata kanuni hiyohiyo: usibane pumzi unapopanda, hata kwa mita chache. Na kwa kuwa ziwa liko zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, jedwali la kupanda (linalomwonyesha mzamiaji asimame wapi na kwa muda gani) linalotengenezwa kwa bahari halitoshi, tumia la mwinuko.

Kisha kuna mfuko wa kusafirishia. Theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni, lakini usiujaze ukawa mgumu kama mpira. Ndani ya ndege ya abiria mgandamizo hushuka hadi ule wa mwinuko wa karibu mita 2,400, na oksijeni iliyofungwa Kigoma hutanuka kwa takriban asilimia 20, iliyofungwa Dar es Salaam kwa theluthi. Kwa treni, kupita Tabora kwenye mita 1,200 hivi, badiliko ni dogo. Ukifika pwani mfuko wa Kigoma utakuwa umelegea kwa asilimia 8 au 9. Mpokeaji aambiwe mapema, aubonyeze mfuko akitafuta mapovu au maji yanayovuja kabla ya kuufungua kwa hofu kwamba umetoboka.